Madirisha Mawili Kichwani mwa Gitaa

Jumatatu, 3 Machi

Vimefika! Vikaza nyuzi vimefika! Mpeleka vifurushi ameniletea kliniki saa sita mchana, mikono yangu imejaa vumbi la plasta. Nilikuwa nasugua taya la chini la plasta, mfano wa mdomo wa mstaafu mmoja. Nikalitupa. Hapana — nikaliweka taratibu, taya la watu hilo — kisha nikafungua boksi kwa kisu cha nta.

Vipande viwili vya shaba. Kila kimoja kimebeba vifundo vitatu vyeupe vya kuzungushia. Ukivipanga mezani, magego sita matupu! Daktari wa meno akapita, akainama, akasema rangi hiyo haitamfaa mgonjwa yeyote. Nimecheka mpaka nikapaliwa.

Naandika humu kwa sababu sina pengine pa kusemea. Nyumbani ni siri. Nikifungua mdomo mbele ya Mama, kwisha kazi.

Miezi kumi na moja sasa nalijenga hili gitaa kwenye karakana ya shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Mchana natengeneza meno ya bandia, jioni natengeneza gitaa. Tumbo lipo. Mgongo upo. Shingo imekaa. Kimebaki kichwa, na kichwa ndiyo kazi yenyewe! Kwa sasa ni kibao bapa, kama mwiko. Lakini Mama anasema tangu nina meno ya utoto: gitaa alilopiga zamani lilikuwa na madirisha mawili kichwani, matundu marefu yaliyopenya hadi upande wa pili, nyuzi zinaingia humo ndani na kujisokota. Lisilo na madirisha, kwake yeye, ni sanduku lenye shingo. Watu wamempa mengi ajaribu. Hagusi.

Na upasuaji wake ni tarehe 25. Wiki tatu! Kidole cha pete cha mkono wa kushoto, mkono wa kubonyezea nyuzi. Kimejikunja kuelekea kiganjani, hata ukikivuta hakinyooki. Daktari wa mifupa kasema wazi: kisu kinaweza kukinyoosha, kinaweza pia kukiacha kigumu kama msumari. Ndiyo maana nataka alishike kabla. Mara moja tu. Kwa mkono anaoujua.

Jumatano, 5 Machi

Nimechora! Kwanza kwenye karatasi ngumu, nikaikata, nikaibandika juu ya kichwa. Mbao yake ni mkangazi mwekundu, unanukia mpaka unataka kuulamba. Alama nimetia kwa sindano ya kuchongea nta — penseli ni nene mno, mstari wake una kulia na kushoto. Madirisha mawili yanayokwenda sambamba, katikati unabaki ukuta mwembamba. Ukuta huo ukipasuka… tusiutaje.

Shemeji akaja na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma yangu kama mkaguzi wa majengo.

"Shemeji, unajenga gitaa au nyumba? Hayo madirisha utayawekea na pazia?"

Nikamwambia pazia atashona mkewe. Akasema mkewe hajamaliza la sebuleni tangu mwaka juzi, nyuzi zitapigwa jua hadi zife.

Nyumbani Mama kaninusa mlangoni. Nimemwambia jioni hizi nasoma kompyuta. Akanyoosha mkono, akaokota randa la mbao nyweleni mwangu, limejikunja vizuri kama sikio la mtoto. Akaliinua kwenye mwanga. Akauliza kama kompyuta za siku hizi zinapigwa randa. Nikasema labda ni uchafu wa barabarani. Akasema basi barabara hiyo ina seremala mzuri.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi kwenye kipande cha kutupwa. Shemeji kanipa siri: usianze na madirisha. Toboa kwanza matundu ya pembeni, matatu kulia na matatu kushoto — ndimo vitakamopita vijiti vya vikaza nyuzi — mbao ikiwa bado nzima. Ukitangulia kufungua dirisha, drili ikifika penye uwazi itayumba kama mlevi aliyekosa ukuta.

Nimetoboa kumi na mawili. Tisa yamepinda. Nayachungulia kwa kile kioo kidogo cha kuangalia magego. Matatu ya mwisho yamenyooka!! Nimekirudisha kipande nyumbani mkobani kama mtoto aliyepewa cheti. Nina miaka arobaini na tisa.

Jumamosi, 8 Machi

Siku yenyewe. Nimeamka na mchecheto, nimevaa blauzi nje ndani, nimegundua karakanani.

Tundu la kwanza — safi. La pili — safi. La tatu — shemeji kaacha kazi yake kaja kutazama. La nne. La tano. Mimi naimba! Naimba kweli, kwa sauti, wimbo sijui hata maneno yake. La sita nikaligusa huku nikigeuka kumwambia shemeji kitu, sikumbuki hata ni kitu gani. Kitu cha kijinga.

Drili ikateleza.

Milimita mbili. Kwa mtu wa kawaida si kitu. Kwa vijiti vitatu vilivyofungwa pamoja kwenye kipande kimoja cha shaba, ni kama jino lililoota kwenye kaakaa. Halikai, halifungi, halitaki.

Shemeji akainama kulitazama. Halafu nikaanza kucheka. Sijui kwa nini. Nikacheka nikakaa chini kwenye maranda, na shemeji naye akaanza, akashikilia jiriwa, kibanio cha benchini, asidondoke. Fundi mwenzake wa karakana ya pili akachungulia, akauliza nani kashinda bahati nasibu.

Tulipomaliza kujifuta macho, shemeji akasema, "Wewe si mtu wa meno? Jino likitoboka mnafanyaje?"

Mnaziba!

Nimechonga kijiti cha mkangazi uleule, nikakizungusha kwenye msasa mpaka kikaenea tundu bila kulazimishwa, nyuzi za mbao zikielekea upande mmoja na za kichwa. Gundi. Nyundo ya mpira, mara mbili. Lazima kikae hadi Jumanne ndipo nitoboe upya. Sitakigusa. Sitakigusa!

Jumapili, 9 Machi

Nimekigusa. Nilipita karakanani "kuchukua mwavuli". Hakuna mvua wiki ya pili sasa. Kimeshika.

Mchana Mama alikuwa anapiga pasi kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameukalisha mezani kama mgeni. Nikamchokoza — nikamwambia anisimulie tena ile bendi. Hakuhitaji kusukumwa. Asubuhi kwenye mitambo ya kiwanda cha nguo, Jumamosi jukwaani na bendi ya wafanyakazi, mwanamke peke yake kati ya wanaume saba. Gitaa lilikuwa mali ya kiwanda. Miaka tisa alilipiga, halijawahi kuwa lake.

Hayo nayajua. Leo kaongeza nisichokijua. Kiwanda kilipofungwa, mtunza stoo aliagizwa akusanye vyombo vyote. Mama alimwomba robo saa. Akakaa juu ya gunia la pamba, akalegeza nyuzi zote sita, moja moja, akalifuta, ndipo akampa. Nikamuuliza kwa nini alizilegeza. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini watu huvua viatu kitandani. Akasema gitaa likiachwa limekazwa bila mpigaji, shingo inapinda.

Kisha akarudi kwenye pasi. "Na wewe hiyo kompyuta yako, umefika wapi?"

Nikasema tumefika kwenye madirisha. Sijui lilinitokaje! Akasema vizuri, chumba bila dirisha ni kaburi. Nimekimbilia jikoni kucheka ndani ya taulo.

Jumanne, 11 Machi

ENDELEA KUSOMA EWE DAFTARI, NINA HABARI!

Tundu la sita limetobolewa upya. Mdomo nimeufunga kwa utepe wa karatasi nisije nikaongea — wazo la shemeji, ameubandika mwenyewe kwa furaha isiyo na kiasi. Tundu limenyooka. Nimepitisha vijiti vyote vitatu kwa pamoja, vikaingia kama mkono kwenye mkono wa shati.

Kisha madirisha. Tundu moja kila ncha, nikapitisha msumeno mwembamba kama uzi, nikaufunga kwenye fremu yake, nikaanza kukata ndani ya mstari. Polepole. Jasho la pua. Msumeno huu haupendi kusukumwa, unapenda kubembelezwa. Upande mmoja, mwingine, kona —

Tap!

Kipande kimedondoka. Mwanga ukapita! Nikainua gitaa, nikachungulia. Upande wa pili jicho la shemeji.

"Hodi hapo," nikasema.

"Karibu, ila ujikunje."

La pili limechukua nusu ya muda wa la kwanza. Ukuta wa katikati mzima, haukupasuka hata unywele. Nimesafisha kuta za ndani kwa patasi, halafu kwa tupa zangu za kliniki, zile za kupitisha kati ya meno; hakuna kona zisikofika. Mdogo wangu alikuja kumwita mumewe, akatukuta tunazunguka meza tukicheza, gitaa tumelibeba wawili kama bibi harusi. Akasema alijua siku moja atatukuta tumerukwa na akili, hakudhani itakuwa siku ya kazi.

Alhamisi, 13 Machi

Simu ya hospitali. Kuna mgonjwa ameahirisha, nafasi ya Mama imesogezwa mbele. Si tarehe 25 tena. Jumanne hii, tarehe 18, saa tatu asubuhi.

Mama alipokea mwenyewe. Kaitikia "ndiyo, asante sana" kwa sauti ya mtu aliyeambiwa ameshinda seti ya vyombo. Alipokata, alikaa akikiangalia kidole. Akakivuta. Kikajirudi.

Siku tano. Sijapiga vanishi. Sijafunga vikaza. Sijaweka nyuzi. Vanishi peke yake inataka wiki!

Shemeji kasema kichwa kisipigwe vanishi, kipakwe mafuta ya mbegu kwa kitambaa, kikauke kwa siku moja. Kasema pia nipumue. Nimepumua. Kesho nimeomba ruhusa kazini — daktari wa meno kaniuliza ni ugonjwa gani, nikasema kichwa.

Si uongo!

Ijumaa, 14 Machi

Nianze wapi?

Saa nne asubuhi nipo benchini, naona kivuli mlangoni. Mama. Na gauni lake la kutokea, na mkoba. Nyuma yake Taratibu, jirani yetu mwenye teksi, tunayemwita hivyo kwa sababu tangu anunue lile gari hajawahi kulipita gari jingine. Anatazama viatu vyake. Kumbe Mama alimwambia tu, "Nipeleke binti yangu anakosoma kompyuta," na Taratibu — ambaye amenishusha hapa mara ngapi! — akampeleka. Hajui kudanganya. Hajui hata kuchelewesha.

Shemeji akajaribu kusimama mbele ya benchi. Mwembamba kama alivyo, aliziba robo ya gitaa.

"Mkwe wangu," Mama akasema, "sogea kidogo, baba."

Shemeji kasogea.

Aliliangalia. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa siku ya kumkabidhi, maneno mazuri, yakaniruka yote. Nikasema, "Mama, si kompyuta."

Akasema ameshaona.

Kisha akaweka mkoba juu ya msumeno wa umeme — ulikuwa umezimwa, namshukuru Mungu — akapitisha kidole cha shahada ndani ya dirisha la kwanza. Polepole, kuanzia juu mpaka chini. La pili. Nikasubiri machozi. Kwenye akili yangu lazima yangekuja machozi.

"Huku ndani hujapiga msasa," akasema.

"Nimepiga, Mama."

"Basi umepiga kwa macho. Na hapa chini? Uzi ukitoka kwenye shingo unaingia dirishani ukielekea chini, si ndiyo? Hii kona itausugua. Utakatika wiki ya kwanza. Panatakiwa mteremko."

Shemeji akachukua rula, akaiweka pale uzi utakapopita. Akanitazama. Mama yuko sahihi! Miezi kumi na moja, michoro sita, mafundi wawili, hakuna aliyeuona mteremko!

Nikamuuliza amejuaje. Akasema alilitazama lile gitaa miaka tisa kwa karibu kuliko alivyomtazama baba yetu.

Akavuta stuli. Hakuondoka tena. Alikaa pale mpaka alasiri na gauni lake la kutokea, maranda yakimwangukia mapajani, akitoa amri. Punguza. Basi. Bado. Hapo umezidisha — hapana, hujazidisha, endelea. Taratibu naye akabaki, akapewa kipande cha msasa. Nimechonga miteremko miwili kwa patasi ndogo, pale kila dirisha linapoanzia, laini kama ulimi. Mama akapitisha kidole. Akahamia kulaumu ufagiaji wa karakana.

Njiani kurudi, ndani ya teksi, magari yote ya duniani yanatupita. Mama kanishika goti. Akasema, "Muongo mkubwa wewe." Meno yote nje.

Jumapili, 16 Machi

Mafuta yamekauka. Mkangazi umekuwa rangi ya chai iliyokolea. Vikaza vimefungwa, skrubu ndogo kumi. Vitano vinazunguka kama vimetiwa siagi. Kimoja kigumu — cha lile tundu la kuzibwa, bila shaka! Nimesugulia unga wa penseli kwenye kijiti. Nikazungusha. Nikasugulia tena. Kimekubali.

Simwachi mtu apite bila kumwonyesha. Nimemwonyesha muuza magazeti. Nimemwonyesha mwanamke aliyekuja kuagiza kabati. Akasema zuri, akauliza kabati lake litakuwa na matundu pia?

Jumatatu, 17 Machi

Nyuzi zimewekwa. Za nailoni, zisimuumize vidole. Kila mmoja naupitisha dirishani, naufunga kwenye kijiti chake, nazungusha. Ukikaza huu, ule umelegea. Ukirudi kwa ule, huu umesahau. Kundi la watoto wa chekechea! Lakini ilipofika saa kumi zikatulia, nikapitisha kidole gumba juu ya zote sita — siwezi kuandika sauti. Shemeji aliweka nyundo chini. Alisema kitu kimoja tu, kwamba tumbo la gitaa linaongea kama mtu aliyeshiba. Kisha akajifanya anatafuta misumari.

Nimelileta nyumbani jioni nimelifunga kwenye shuka. Mdogo wangu na shemeji wamekuja nami. Nikafungua shuka mbele ya Mama.

Hakuligusa.

Akasema zuri sana, ahsanteni, Mungu awabariki, liwekeni pale kwenye kiti. Akaenda kupanga begi la hospitali. Kanga mbili, malapa, mswaki. Akalipangua. Akalipanga tena.

Nilisimama pale na shuka mkononi kama dobi. Nikamfuata chumbani, nikaanza kusema, Mama, kesho baada ya kisu hatujui — akanikata. Akasema anajua asichokijua, hana haja ya kukumbushwa. Si kwa hasira. Alikuwa anakunja malapa. Nani anakunja malapa?

Mdogo wangu akanivutia jikoni. "Dada, mwache. Anaogopa."

Nikasema kisu kidogo tu, hata hawamlazi.

"Si kisu anachokiogopa."

Nikaelewa. Miaka yote hii alikuwa na sababu. Halina madirisha. Sanduku lenye shingo. Sasa nimekuja mimi na tupa zangu nimemwondolea sababu, usiku wa kuamkia hospitali, kwa mbwembwe na shuka. Sikufikiria hilo hata mara moja. Miezi kumi na moja nafikiria kichwa cha gitaa, cha kwake sikukifikiria.

Nimeweka gitaa kwenye kiti nje ya mlango wake. Ni lake, alipige, asilipige.

Na bado — Mungu anisamehe — nikipita hapo nalichungulia, furaha inanipanda kooni kama kwikwi.

Jumanne, 18 Machi

Saa moja na robo. Nimechukua daftari niandike hospitalini tukisubiri. Taratibu anakuja saa mbili kasorobo. Kwa mwendo wake tukitoka hapo tutafika saa tatu kamili. Chai imepoa. Mama bado chumbani.

Kiti cha nje ya mlango wake kitupu.

Narudia: kitupu!!

Saa moja na dakika ishirini na tano. Naandika nimekaa sakafuni korido, juu ya begi la Mama. Kikaza kimoja kinazunguka, nasikia. Uzi mmoja unapanda… unapanda… umefika. Wa pili. Anazivuta kuzisikiliza, anazirudisha. Nilidhani mimi nimezikaza sawa. Kumbe zote sita zilikuwa zimekosea pamoja.

Sasa anajaribu. Uzi unalia vibaya, unakufa katikati, kama mtu aliyezibwa mdomo. Kidole hicho! Tena. Unakufa. Tena. Kasema neno ambalo sijawahi kumsikia akilisema, na sisi alitupiga kwa madogo kuliko hilo.

Kimya.

Nimesimama, mkono kwenye kitasa, nimekaa tena.

Kuna kitu. Noti moja. Safi! Nyingine juu yake. Anacheka. Mama anacheka peke yake chumbani!

"We mtoto! Najua upo hapo korido. Njoo uone."

Nimeingia. Yuko kwenye ukingo wa kitanda, nguo za hospitali tayari mwilini, gitaa pajani, kichwa chake na kichwa cha gitaa vimeinama upande mmoja. Kanionyesha mkono wa kushoto. Kidole cha pete hakinyooki, kweli, hakifiki nyuzi za mbali. Lakini akiusogeza mkono juu kidogo na kuuzungusha kifundo, ncha yake inaangukia uzi wa tatu yenyewe. Hahitaji kuibonyeza. Imekaa tu hapo, imekaza, kama iliyopimwa.

"Unaona? Mnasema kimepinda. Kilikuwa kimeshika uzi miaka yote hii. Gitaa ndilo lililokuwa halipo."

Nikasema Mama, saa hizi. Akasema anajua saa.

Saa mbili kasoro dakika kumi. Honi. Taratibu. Shemeji na mdogo wangu wamefika naye, waje kutusindikiza. Wamesimama mlangoni mwa chumba, mdogo wangu kashika mdomo. Wimbo wa dansi, siujui, unakwenda mbio, una mahali unajikwaa makusudi kisha unakimbia tena. Vidole vitatu vinafanya kazi, cha nne kimekaa kwenye uzi wake kama bosi. Anakosea. Anarudi. Anakosea palepale. Anarudi.

"Mara moja tu," anasema. Hiyo ni mara ya nne.

Saa mbili na dakika tano. Honi tena, ya adabu. Nimemwambia Mama hospitali hawasubiri, tukikosa leo foleni ni miezi. Hakunitazama. Kauliza kama nina uhakika wanakinyoosha. Nikasema daktari kasema huenda. Akasema, "Huenda kikanyooka, halafu wimbo huu nitaupiga kwa kidole gani?" Nimehamishia begi mkono wa pili. Shemeji anatikisa bega. Mdogo wangu ameanza kupiga makofi, wala hajui kama anapiga.

Saa mbili na robo. Simu yangu inaita mfukoni. Namba ya hospitali. Nimeitoa, nimewageuzia waione, inaendelea kuita. Mama anatikisa kichwa — si kunikataza, au sijui — anafuata mdundo. Pale anapokosea siku zote panakaribia. Amepita! Amepita bila kujikwaa, amefumba macho, anaenda na kipande cha pili ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukisikia.

Nje, Taratibu amezima injini.